Kucheua na Mchango kwa Mtoto Mchanga: Ni Dawa Ipi Iliyoponya?

Katika nyanda za juu zilizo kati ya msitu wa Ngorongoro na bonde la Ziwa Eyasi, ambako wakulima wa kata ya Daa na kata nyingine za Wilaya ya Karatu hupanda mahindi, maharage na mbaazi na kufuga ng'ombe, ni nyumba chache zisizomjua mtoto wa namna hii. Ana umri wa miezi miwili au mitatu. Hunyonya kwa pupa, na kabla hajalazwa maziwa humrudia kinywani na kumwagika begani mwa mama yake. Jioni hukunja magoti, hukaza tumbo, uso humwiva, naye hulia saa mbili au tatu bila kubembelezeka. Bibi hutaja mchango. Jirani hutaja kimeo. Mwingine humfunua mtoto ufizi, akaonyesha uvimbe mweupe na kusema kwamba hayo ni meno ya plastiki. Mwenye duka ana chupa yake ya dawa, na duka la dawa nalo lina vidonge vyake.

Kila mmoja kati ya hao anao mashahidi. Atamtaja mtoto aliyepewa dawa hiyo akapona, na aghalabu atakuwa anasema kweli: mtoto alipewa, na mtoto alipona. Yafaa basi kuuchunguza ushahidi huo kwa makini, kwani baadhi ya tiba hizo hazina madhara, nyingine humpotezea mama fedha tu, na nyingine huua.

Mfuko na kamba yake

Mwanafunzi aliyechunga ng'ombe hahitaji kufundishwa maana ya kucheua. Ng'ombe hurudisha nyasi kinywani ili azitafune upya, na huo ndio utaratibu wa mwili wake. Kiswahili kimempa mtoto mchanga neno hilo hilo, ingawa kwake jambo lenyewe lina asili nyingine kabisa.

Umio ni mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwishoni mwake, pale unapopenya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, pana msuli wa mviringo unaofanya kazi kama kamba ya mfuko. Chakula kinapofika, msuli hulegea, kikishapita, hukaza. Lakini msuli huo hulegea pia kwa sekunde chache hata pale ambapo mtu hakumeza kitu, na hapo hewa iliyomo tumboni hupata njia ya kutoka. Hiyo ndiyo asili ya mbweu. Mtu mzima akiwa ameketi au amesimama, hewa hukaa juu na chakula chini, kwa hiyo kinachotoka ni hewa. Mtoto mchanga hushinda amelala, chakula chake chote ni maji maji, na umio wake ni mfupi mno. Msuli unapolegea, kilicho karibu na mlango ni maziwa.

Tena maziwa yenyewe ni mengi. Mtoto wa miezi ya mwanzo huhitaji kiasi cha mililita 150 za maziwa kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwanafunzi na afanye hesabu hiyo kwa mtu mzima mwenye kilo 60: atapata lita 9. Mtu anayekunywa lita 9 kila siku, huku amelala chali muda mwingi, asingeshangaa kuona nyingine zikirudi.

Lipo jambo jingine linalowasumbua wazazi wengi, nalo ni kwamba mtoto mmoja hucheua mara kumi kwa siku huku akicheka, na mwingine hucheua mara tatu akilia kwa uchungu. Sehemu ya jibu imo katika kemia. Tumbo hutoa tindikali ya haidrokloriki, ambayo kwa mtu mzima aliyekaa na njaa huweza kufikia pH ya 2 au chini yake. Kila tarakimu moja ya pH ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo kimiminika chenye pH ya 2 kina ukali wa tindikali mara 100 kuliko chenye pH ya 4. Maziwa yaliyomezwa punde huizimua tindikali hiyo kwa muda. Mtoto anayecheua mara tu baada ya kunyonya hurudisha maziwa ambayo bado hayajawa makali, na umio wake hauchomwi. Anayecheua baadaye, tumbo likiwa limeanza kubaki na tindikali yake, huenda akahisi kile ambacho watu wazima hukiita kiungulia.

Kilio cha jioni ni suala jingine, ingawa mara nyingi huchanganywa na kucheua. Katika nyumba nyingi nchini huitwa mchango, jina ambalo pia hutumika kwa minyoo, na kwa sababu hiyo baadhi ya wazazi huwapa dawa ya minyoo watoto ambao hawajawahi kula chochote ila maziwa ya mama. Mwaka 1954 madaktari wa Marekani wakiongozwa na Morris Wessel waliuwekea mchango kipimo ambacho kilitumika kwa miongo mingi: mtoto mwenye afya na anayenyonya vizuri, anayelia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa juma, kwa zaidi ya majuma matatu. Sababu yake haijajulikana kwa ukamilifu hata leo. Kinachojulikana vizuri ni mwendo wake: huzidi mtoto anapofikia umri wa majuma sita hivi, na hupungua hadi kwisha katika mwezi wa tatu au wa nne.

Kalenda ya kucheua

Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika eneo la Chicago, ambamo wazazi 948 wa watoto wenye afya waliulizwa kama watoto wao hucheua. Miongoni mwa watoto wa chini ya miezi mitatu, nusu walicheua angalau mara moja kwa siku. Katika umri wa miezi minne walikuwa asilimia 67. Kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili walibaki asilimia 5 tu.

Mwalimu akizichora namba hizo ubaoni, umri ukiwa kwenye mstari wa chini na asilimia kwenye mstari wa kusimama, wanafunzi wataona mlima: unapanda hadi mwezi wa nne, kisha unateremka. Mteremko huo hausababishwi na dawa. Mtoto amejifunza kuketi, umio wake umerefuka, msuli wake umekomaa, naye ameanza kula chakula kizito.

Sasa na waulizwe swali: mzazi hutafuta tiba lini? Jibu ni kwamba huitafuta hali inapokuwa mbaya kabisa, yaani pale kileleni. Na baada ya kilele hapana njia ila ya kuteremka. Kwa hiyo tiba yoyote itakayotolewa wakati huo, iwe mizizi iliyochemshwa, chupa ya dukani, kidonge, au hata kubadilisha upande wa kitanda, itafuatwa na nafuu. Mzazi atasema, kwa unyofu kabisa, kwamba ameona kwa macho yake.

Meno ya plastiki

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la hesabu tu.

Tangu miaka ya 1980 madaktari wa meno nchini Tanzania wameripoti kuhusu watoto wachanga wanaochimbuliwa ufizi kwa imani kwamba wana meno mabaya, yaitwayo ya plastiki au ya nailoni, ambayo huwaletea homa, kuharisha na kutapika. Kinachoonekana ufizini ni uvimbe wa kawaida wa chipukizi la jino la chonge. Jino hilo bado halijawa gumu, ni jeupe na laini, na likitolewa hufanana na kipande cha plastiki, basi jina hupata ushahidi wake. Kila mtoto mwenye afya anayo machipukizi hayo. Kazi ya kuyatoa hufanywa kwa ncha ya kisu, spoku ya baiskeli au chombo kingine chenye ncha, bila dawa ya ganzi, na chombo hicho huweza kutumika kwa mtoto zaidi ya mmoja. Kukata kimeo, ambako hufanywa kwa sababu ya kikohozi au kutapika, ni ndugu wa tiba hii.

Upande wa kusini wa Karatu, katika Wilaya ya Mbulu, ipo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955. Mwaka 2005 jarida la madaktari wa meno la Australia lilichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali hiyo kuhusu watoto waliolazwa baada ya kutolewa machipukizi ya meno au kukatwa kimeo. Watoto hao walifika na maambukizi ya damu, kichomi na upungufu wa damu, na baadhi yao walifariki. Waliosalimika huweza kukua bila chonge, au chonge za ukubwani zikaota zimepinda, kwa kuwa chipukizi la jino la kudumu huwa karibu sana na lile la utotoni.

Lawama si ya kumwangushia bibi peke yake. Bibi amewaona watoto wengi wakitapika, wakachimbuliwa meno, wakapona. Waliofia hospitali hakuwaona, au aliambiwa walikufa kwa homa ile ile iliyowapeleka kwa mganga. Tena umri wa kuchimbuliwa, ambao mara nyingi huwa kabla ya mwaka kutimia, huangukia juu ya mteremko ule ule uliochorwa ubaoni. Bibi hakukosea kuona. Alichokosa ni kundi la pili la kulinganisha nalo.

Makundi mawili

Kundi la pili ni chombo rahisi, na ni ajabu kwamba binadamu alichelewa sana kukivumbua. Watoto hugawanywa kwa bahati nasibu. Nusu hupewa dawa. Nusu hupewa kitu kinachofanana nayo kwa sura na ladha ambacho hakina dawa ndani yake. Wazazi na wauguzi hawaambiwi nani kapata nini. Mwishowe hesabu hufanywa.

Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya jaribio la namna hiyo kuhusu dawa ya hospitali iitwayo lansoprazoli, ambayo hupunguza utoaji wa tindikali tumboni na ambayo kwa watu wazima wenye vidonda vya tumbo ina faida kubwa. Walishiriki watoto 162 wa chini ya mwaka mmoja waliokuwa wakilia na kusumbuka kila wanaponyonya. Baada ya majuma manne, kati ya watoto 81 waliopewa dawa, 44 walikuwa wamepata nafuu. Kati ya 81 waliopewa dawa bandia, waliopata nafuu walikuwa pia 44. Namba ni moja. Tofauti ilionekana mahali pengine: matatizo makubwa ya kiafya, hasa maambukizi ya mapafu, yaliwapata watoto 10 wa kundi la dawa na 2 wa kundi la dawa bandia. Tindikali ya tumbo ni mlinzi pia. Huua vijidudu vingi vinavyomezwa, na anayempunguza mlinzi huyo hapana budi awe na sababu nzuri.

Wataalamu hawasemi kwamba dawa hizo hazifai kwa mtoto yeyote. Wapo wachache ambao umio wao umeumizwa kweli na tindikali, nao hutibiwa chini ya uangalizi wa daktari. Mtoto anayecheua huku uzito wake ukiongezeka hayumo katika kundi hilo.

Magadi

Katika mikoa ya kaskazini magadi hutumika kulainisha maharage na makande, na wengine humpa mtoto maji yake ili kutuliza tumbo. Dawa za maji za mchango zinazouzwa madukani nazo zina nasaba na jambo hili: ile maarufu, iliyoanza kutengenezwa na William Woodward huko Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, ilikuwa na magadi ya kupikia pamoja na kileo, na huenda kileo ndicho kilichowanyamazisha watoto.

Kikemia wazo si la kipumbavu, kwani magadi ni alikali na huizimua tindikali:

Na2CO3.NaHCO3.2H2O + 3HCl → 3NaCl + 4H2O + 2CO2

Tatizo liko mwisho wa mlinganyo. Moli moja ya magadi safi ina gramu 226 na hutoa moli mbili za gesi ya kaboni dayoksaidi. Robo gramu, ambayo ni chembe kidogo tu kwenye ncha ya kijiko, ikipata tindikali ya kutosha hutoa kiasi cha mililita 53 za gesi penye usawa wa bahari na joto la kawaida la chumba. Mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo na gesi hutanuka zaidi kwa takribani moja ya tano. Na tumboni joto ni nyuzi 37. Mililita 53 hukaribia 65. Mtoto wa kilo 4 anayenyonya mara nane kwa siku hupata kiasi cha mililita 75 kila anyonyapo. Hata kama nusu tu ya gesi hiyo itatokea, mtu atakuwa amelipulizia puto tumbo ambalo tayari limejaa, na msuli wake dhaifu utalegea na kuachia.

Aidha magadi yanayozolewa juu ya ardhi huwa na madini ya floraidi kwa wingi. Uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 uliyahusisha magadi na meno yaliyopata madoa ya kahawia, ambayo wakazi wa mikoa hiyo wanayafahamu vizuri.

Kumlea hadi mteremko uishe

Kujua kwamba hali itapita hakumpi mama usingizi leo. Yapo mambo yanayosaidia, ingawa hakuna hata moja linalofuta kabisa tatizo.

Mtoto anyonyeshwe mara nyingi kwa kiasi kidogo kidogo kuliko mara chache kwa wingi, na atolewe hewa katikati na mwishoni mwa kunyonya. Abebwe wima kwa nusu saa kabla ya kufungwa mbeleko au kulazwa. Kazi hii haihitaji maziwa ya mama, kwa hiyo baba, shangazi na dada wanaiweza, na si jambo la kuona haya kuona mwanamume akimpigapiga mtoto mgongoni uani. Nguo na shanga zisimbane kiunoni. Moshi wa jikoni na wa sigara huzidisha kucheua na kukohoa, basi alazwe mbali nao.

Wengi huogopa kumlaza mtoto chali wakidhani atapaliwa. Maumbile yanasema kinyume. Mtoto akilala chali, bomba la hewa huwa juu ya umio. Kimiminika kinachorudi hutuama chini, na ili kiingie kwenye bomba la hewa itakibidi kipande. Akilala kifudifudi mambo hugeuka. Uchunguzi wa vifo vya ghafla vya watoto wachanga umeonyesha kwamba kulala chali ndiko salama zaidi, hata kwa wanaocheua.

Uji mzito hauna nafasi kabla ya miezi sita. Wazo la kuyapa maziwa uzito ili yasipande lina mantiki yake, na kwa watoto wanaolishwa maziwa ya kopo chini ya daktari hutumika wakati mwingine. Lakini uji uliokorogwa kwa maji ya kisima au korongo na kukaa nusu siku kwenye bakuli humletea mtoto kuharisha, na kuharisha ni adui mkubwa kuliko kucheua.

Maziwa ya ng'ombe yanastahili kutajwa katika wilaya ya wafugaji. Watoto wachache miili yao hukataa protini ya maziwa hayo, na dalili zao hufanana kabisa na za kucheua, pengine pamoja na ukurutu au damu kwenye choo. Anayenyonyesha hushauriwa na daktari aache maziwa ya ng'ombe kwa majuma mawili hadi manne na kuangalia mabadiliko. Kubadili kwenda kwa maziwa ya mbuzi hakusaidii, kwani protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Kuhusu mama mwenyewe: mtoto asiyenyamaza huweza kumfikisha mtu mwema mahali pa hasira asiyoitambua. Akifika hapo, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje, ampe mwingine zamu. Mtoto mchanga asitikiswe kamwe. Shingo yake haina nguvu, na ubongo wake huvuja damu.

Kadi ya kliniki na dalili za hatari

Chombo bora cha kupambanua kucheua kwa kawaida na ugonjwa hakigharimu kitu, nacho kimo ndani ya nyumba: ni mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto huongeza kiasi cha gramu 20 hadi 30 kwa siku. Aliyezaliwa na kilo 3 na sasa, akiwa na miezi minne, ana kilo 6 na zaidi, hata akilowesha kanga tano kwa siku, maziwa yanayobaki yanamtosha. Mstari ukilala au ukishuka, kucheua huko hakuitwi tena kwa jina hilo.

Apelekwe hospitali mara moja mtoto anayetapika nyongo ya kijani, damu, au kitu cha rangi ya kahawa; ambaye tumbo limevimba na kukaza; mwenye homa, utosi uliovimba au uliobonyea, usingizi asioamshika, au mkojo uliopungua. Vivyo hivyo aliyeanza kutapika ghafla baada ya miezi sita. Na yupo mtoto wa majuma matatu hadi sita ambaye maziwa humtoka kwa nguvu, yakaruka mbali, kila baada ya kunyonya, naye hutaka kunyonya tena papo hapo. Huyo huenda mlango wa kutokea tumboni umezibwa na msuli ulionenepa. Hupoteza maji na tindikali nyingi hivi kwamba damu yake huelekea ualikali, na tiba yake ni upasuaji mdogo unaofanikiwa sana iwapo hakucheleweshwa.

Mtoto aliyekwisha kuota meno

Mtoto wa miaka mitatu au minne anayeshika kitovu na kusema tumbo linauma hana uhusiano na msuli wa umio. Kwake minyoo ni jambo la kweli, na pia vijidudu vya giadia, choo kigumu, na wakati mwingine hofu. Huko Bristol, Uingereza, mwaka 1958 John Apley na mwenzake waliwachunguza watoto wa shule 1,000 na kuona kwamba takribani mmoja kati ya tisa alikuwa na maumivu ya tumbo ya mara kwa mara, na kwa wengi hapakuonekana ugonjwa wowote wa tumbo lenyewe. Apley alifundisha kwamba maumivu kadiri yanavyokuwa mbali na kitovu ndivyo inavyopasa kutafuta ugonjwa kwa bidii. Kanuni hiyo ni ya Bristol. Karatu choo kipimwe kwanza.

Hata kipimo cha choo, hata hivyo, kina mtego wake, na Haydom imeuonyesha vizuri. Kuanzia mwaka 2009 hospitali hiyo ilikuwa mojawapo ya vituo vinane, katika nchi nane, vilivyowafuatilia watoto tangu kuzaliwa na kupima choo chao mara kwa mara, wawe wanaumwa au wazima. Katika vituo hivyo kwa jumla, vijidudu vya maradhi vilikutwa katika takribani theluthi mbili ya vyoo vya watoto ambao hawakuwa wakiharisha. Kukuta kijidudu basi hakutoshi kusema kwamba ndicho kiletacho maumivu ya leo. Jaribio jingine lilifanywa Haydom kwa watoto 1,188, ambamo waliopewa dawa za kuua vijidudu kwa ratiba walilinganishwa na waliopewa dawa bandia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba, walipofikia miezi 18, urefu wa makundi hayo haukutofautiana. Vijidudu vilivyofagiliwa leo hurudi kesho kwa maji yale yale na kwa uwanja ule ule wenye samadi.

Kazi ya darasa

1. Tia maji ya ndimu kijiko kimoja ndani ya chupa tupu ya soda. Weka magadi kidogo ndani ya puto, livishe kwenye mdomo wa chupa, kisha liinue ili magadi yaanguke. Andika unachokiona. Rudia ukiwa umeijaza chupa maji ya ndimu hadi karibu na mdomo. Eleza tofauti, na uihusishe na tumbo la mtoto aliyenyonya punde.

2. Chora mchoro wa namba za Chicago. Weka alama mahali ambapo mzazi angeanza kutumia dawa, kisha weka nyingine miezi miwili baadaye. Je, mzazi huyo angesema nini kuhusu dawa yake iwapo ilikuwa maji matupu?

3. Waulize wazee watano wa kijijini kwako tiba za mchango wanazozijua, na umri ambao kila tiba hutolewa. Usibishane nao. Panga majibu kwa umri, na uyalinganishe na mchoro wako.

4. Mama mmoja ana mtoto wa miezi mitano ambaye hucheua mara nne kwa siku. Alizaliwa na kilo 3.1; mwezi wa tatu alikuwa na kilo 5.4, sasa ana kilo 5.3. Shangazi yake anamwambia asihangaike, kwa kuwa watoto wote hucheua. Tumia kadi kumjibu shangazi, kwa maneno ambayo mtoto wa ndugu angeweza kumwambia bila kumkosea heshima.